Mwezi wa Harusi na Mkondo wa Nungwi



Kila Mfunguo Mosi ukikaribia, mazungumzo ya mabibi harusi huwa yale yale: ukumbi, piko, udi, nguo ya kutokea, mpishi wa biriani. Lakini kwa anayeolewa ng'ambo, yaani wa Pemba anayeletwa Unguja au wa Unguja anayepelekwa Pemba, lipo jambo moja ambalo huwa halimo kwenye orodha. Nalo ni siku ya kuvuka. Hilo huachiwa wanaume na mkata tiketi, kama kwamba bahari ni barabara ya lami.

Mimi nashona nguo za maharusi, na sanduku la bi harusi wa Pemba hupita Nungwi kabla halijafika kwa mwenyewe. Ndiyo maana nimependa leo tuiache mitindo kidogo, tuzungumze historia ya bahari hii: inakwendaje, wazee wetu waliijuaje, na ilitufikishaje kwenye misiba ambayo hakuna nyumba visiwani isiyoikumbuka.

Bahari iliyo kati yetu

Kutoka Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, hadi ncha ya kusini ya Pemba ni kama kilomita 50. Kwa macho si mbali. Lakini maji yake si ya namna moja. Baina ya Unguja na bara bahari ina kina kidogo, sehemu nyingi haifiki hata mita 60. Pemba imekaa vingine. Baina yake na bara kuna kilindi cha mamia ya mita, na meli inayotoka Unguja kwenda Mkoani au Wete huacha maji ya kina kidogo ikaingia katika maji makubwa hapo hapo Nungwi.

Tena kuna mkondo. Pwani yetu yote ina maji yanayotembea kutoka kusini kwenda kaskazini, kutoka upande wa Mtwara na Mafia kuelekea Mombasa, mwaka mzima. Ni kama mto uliomo ndani ya bahari. Wakati wa kusi mto huu huongezeka nguvu, kwa kuwa upepo na maji vinakwenda njia moja, na kasi yake huweza kufikia kilomita 7 kwa saa. Mwendo huo unamshinda mtu anayetembea kwa miguu kwa haraka. Jahazi lenye upepo mdogo likikutana nao uso kwa uso, tanga litakuwa limejaa na nchi itakuwa inarudi nyuma.

Juu ya mkondo huo kuna maji kujaa na maji kupwa. Baina ya Unguja na bara, maji yanapojaa huingia kwa milango miwili, wa kusini na wa kaskazini. Yanapokupwa hutoka kwa milango hiyo hiyo. Kwa hiyo pale Nungwi kuna maji yanayoingia na kutoka mara mbili kila siku, kuna mkondo mkubwa unaopita njia yake, na kuna upepo juu yake. Vitu hivi vitatu vikikubaliana, bahari hulala. Vikigombana, yaani upepo ukienda huku na maji yakija huku, mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama wima, yanayofuatana bila ya nafasi. Hayo ndiyo yanayovunja vyombo.

Ukifika Pemba nako kuna kazi yake. Upande wa magharibi umezungukwa na visiwa vidogo na miamba: Misali, Fundo, Njao, Uvinje, Kokota. Chombo kinachokwenda Wete lazima kipite katika mlango baina ya visiwa hivyo, na anayekosa mlango anapata mwamba. Ghuba ya Chake Chake ndiyo hukauka maji yakipwa, na chombo kilichochelewa hukaa juu ya tope kungojea maji yarudi.

Misali yenyewe ina hadithi mnayoijua wengi. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alifika pale akawaomba wavuvi msala ili asali. Walipokuwa hawana, akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake, kwa vile kimeelekea kibla. Jina Misali linasemekana limetoka huko. Mimi huipenda hadithi hii kwa sababu inaonesha namna wazee walivyoitazama bahari. Hawakuiona kuwa mahali pa kupita tu. Ilikuwa mahali pa adabu.

Kalenda mbili za wazee

Hapa ndipo penye jambo lenyewe ninalotaka mlichukue.

Sisi Waislamu tunahesabu ibada zetu kwa mwezi: Ramadhani, Idi, Hija, eda. Mwezi huo huo ndio unaovuta maji. Unapoandama, na unapofika tarehe 14 au 15, tunapata bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa kwetu tofauti ya juu na chini hufika kama mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, kwenye tarehe 7 au 8 na tena 21 au 22, tunapata maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Siku za bamvua bahari ya Unguja hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa karibu dakika 50.

Hii ni elimu ambayo mwanamke wa kisiwani anayo bila ya kusomeshwa skuli. Mama anayekwenda kuchokoa pweza, kutanda dagaa kwa kanga au kukusanya chaza hana haja ya saa ya ukutani. Anatazama mwezi usiku, asubuhi anajua atashuka pwani saa ngapi. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wake wengi wakiwa wanawake, hesabu hiyo imekuwa ndiyo ratiba ya kazi katika vijiji kama Paje na Jambiani.

Lakini mwezi unasema habari za maji tu. Habari za upepo hausemi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Mfunguo Mosi huzunguka. Miaka fulani huangukia kaskazi, miaka mingine huangukia katikati ya kusi. Upepo wenyewe haufuati mwezi mwandamo. Kaskazi huvuma kwenye Disemba hadi Machi, na kusi huanza kwenye Aprili au Mei ikaendelea hadi Septemba au zaidi, nguvu zake kubwa zikiwa Juni na Julai. Baina yao ndipo pepo zinapopoa na kugeuka.

Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana walikuwa na kalenda mbili. Moja ya mwezi kwa ajili ya dini. Ya pili ya jua, inayoanzia Nairuzi, ikihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa hiyo ya pili mkulima alijua lini apande, na nahodha alijua lini atweke tanga na lini apandishe chombo pwani. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaofanywa mwezi wa Julai, ni kumbukumbu ya mwaka huo wa jua.

Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Kusi kali lilipoingia, bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa, na mtu mwenye akili aliisubiri ifunguke. Ibn Majid, yule baharia wa Kiarabu wa karne ya 15 aliyeandika vitabu vya elimu ya bahari, alieleza kwa kina nyakati za kusafiri na nyakati za kukaa, mpaka pwani hii yetu. Kwa watu wale kungoja kulikuwa sehemu ya safari.

Vyombo vilivyoshonwa

Hili nitalisema kama fundi cherehani. Vyombo vya zamani vya pwani hii havikupigwa msumari. Vilishonwa. Msafiri wa Kiyunani wa karne ya kwanza aliyeandika habari za biashara ya Bahari ya Hindi alivitaja vyombo vya kushona katika pwani yetu. Wa mwisho wa ukoo huo ulikuwa mtepe, uliojengwa zaidi upande wa visiwa vya Lamu, ukaendelea kuonekana mpaka karne ya 20. Mbao zake zilitobolewa na kuunganishwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka.

Sasa jiulize: makumbi hapa kwetu hufukiwa pwani na nani, akayaacha yakaoza kwa miezi, akayafukua, akayaponda, akasokota kamba? Na mkeka husukwa na nani? Mpaka leo hizo ni kazi za wanawake. Katika kila safari ya chombo cha kushonwa mna mikono ambayo haikutajwa.

Kushona huko kulikuwa na maana katika bahari yenye miamba. Chombo cha msumari kikigusa mwamba, ubao hupasuka. Cha kushonwa hulegea kidogo, kikafuata pigo, kama mshono mzuri unavyofuata mwili. Kamba ikichakaa, hushonwa upya. Waliotengeneza mtepe hawakudhani kwamba watalishinda pigo la bahari. Walikata nguo kwa kipimo cha mwenye kuvaa, na mwenye kuvaa ni bahari.

Mwaka 1872 na taa za pwani

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Vimbunga ni nadra sana kwetu, na hiki kilikuja wakati wa masika, pepo zikiwa zinabadilika. Merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini ziliangamia, majahazi mengi yakazama, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikashika nafasi ya kwanza ya karafuu.

Tukio hilo lilibadilisha mengi kati ya visiwa viwili hivi. Kila msimu wa karafuu, watu wa Unguja na Tumbatu walivuka kwenda Pemba kuchuma. Watu wakivuka, huoana. Nyumba ngapi leo zina bibi wa Mkoani na babu wa Nungwi?

Kadiri safari zilivyozidi, ndivyo taa zilivyojengwa. Nungwi ina mnara wake wa taa, na Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ina wake. Mwaka 1904 ulijengwa mnara wa Chumbe, kwenye mlango wa kusini wa bahari ya Unguja na bara, ili meli za usiku zisipande miamba. Chumbe pana na msikiti mdogo wa mtunza taa. Hunifurahisha kumfikiria mtu yule peke yake kisiwani. Anawasha taa kwa ajili ya watu asiowajua, kisha anageukia kibla. Hiyo nayo ni ibada.

Saa ya ukutani

Injini ilileta raha kubwa. Safari iliyochukua siku nzima au zaidi ikawa ya saa chache, na mgonjwa akafikishwa hospitali. Hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini injini ilituletea na jambo jingine, nalo ni kuondoka kwa saa ya ukutani. Meli ina ratiba, tiketi ina saa, ukumbi umelipiwa. Kalenda ya pili, ile ya upepo, tukaisahau.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi. Idi ilikuwa imepita siku chache tu, na Mfunguo Mosi haujafika hata nusu. Watu walikuwa wanarudi makwao, familia kwa familia, na mizigo yao. Tume iliyoundwa na Rais wa Zanzibar ilikuta kwamba meli iliyoruhusiwa kuchukua watu kama 600 ilikuwa imebeba zaidi ya 2,400. Waliokufa na waliopotea walihesabiwa zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto.

Hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na Chumbe. Ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya maji yaliyojificha ndani ya nchi, si kwa bahari ya wazi yenye kusi. Karibu nusu ya waliokuwemo hawakurudi. Na Januari 2014, safari hii ikiwa ni kaskazi, boti ya abiria iliyotoka Pemba ilipigwa na mawimbi Nungwi, na abiria kadhaa waliokuwa sehemu ya mbele wakazolewa na maji.

Tazameni mahali: Nungwi, Chumbe, Nungwi. Ni milango ile ile miwili ambayo maji huingilia na kutokea. Mababu waliijua, na waliojenga minara waliijua. Kilichozidi ni mzigo na haraka.

Dini inasemaje

Tulio wengi hapa visiwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Katika vitabu vya fiqhi vinavyosomeshwa madarasani kwetu, wanavyuoni wamezungumza juu ya mtu ambaye njia yake ya Hija ni ya bahari. Wanasema humlazimu kuvuka ikiwa usalama ndio unaotarajiwa zaidi. Hatari ikiwa ndiyo kubwa, halazimiki mpaka hali ibadilike. Fikirini, dada zangu. Nguzo ya tano ya Uislamu inasubiri bahari itulie. Je, harusi?

Mnaijua pia hadithi ya bedui na ngamia wake, namna Mtume s.a.w. alivyomwelekeza amfunge kwanza kisha ategemee kwa Mwenyezi Mungu. Kuna watu wakiambiwa bahari mbaya hujibu kwamba kufa ni popote. Ni kweli, ajali hupangwa na Mola. Lakini tawakkul haikuwekwa ili ichukue nafasi ya akili. Dua ya kupanda chombo tumeirithi kutoka kwa Nabii Nuhu a.s., imo katika Sura Hud, aya ya 41. Na Nabii Nuhu aliisoma baada ya kuijenga safina ubao kwa ubao kwa amri ya Mola wake.

Na liko jambo linalotuhusu sisi wanawake peke yetu. Aliyefiwa na mume huingia eda ya miezi 4 na siku 10, akajua lini imeanza na lini imekwisha. Lakini mwanamke ambaye mume wake amepotea baharini na maiti haikuonekana hawezi kuanza eda kwa kukisia. Shauri lake hupelekwa kwa Kadhi, na mpaka hukumu itolewe yeye si mke mwenye mume na si mjane. Baada ya msiba wa 2011 waliokosekana kabisa walikuwa wengi zaidi kuliko maiti waliozikwa. Sisi tunaamini, kwa mujibu wa hadithi sahihi, kwamba aliyekufa kwa maji ana daraja ya shahidi, na hilo ni faraja kubwa. Hata hivyo shahada yake haimpunguzii kosa aliyejaza chombo kupita kiasi.

Kwa bi harusi wa ng'ambo

Nasaha zangu ni chache. Unapokaa na mama, shangazi na kungwi kupanga tarehe, tumieni kalenda zote mbili. Mfunguo ukiangukia Juni au Julai, jueni kwamba ni kusi kali, na msipange watu wavuke siku moja kabla ya nikaha. Wapeni siku tatu au nne za nafasi, ili boti ikizuiwa pasiwe na wa kumlazimisha nahodha. Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mkiambiwa safari imeahirishwa, mseme alhamdulillahi.

Gawanyeni wageni katika safari mbili au tatu badala ya kujazana katika moja. Mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, shukeni. Tiketi ni pesa tu. Mtoto avalishwe jaketi la kujiokolea la kimo chake, na kila mmoja ajue yalipowekwa kabla nanga haijang'olewa. Vazi la bui bui na viatu vya kisigino haviogelewi, kwa hiyo safirini na nguo nyepesi ya stara, suruali ndani, mapambo yawe sandukuni.

Na wewe mama wa bwana harusi, wifi na mashoga, msimwambie bi harusi kwamba akichelewa atatuaibisha. Biriani likilala hupikwa jengine, na ukumbi hukodiwa tena. Nikaha ni ya sheikh, walii, mashahidi wawili na ridhaa ya watu wawili, na inasihi Jumatatu kama inavyosihi Ijumaa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliochukuliwa na bahari hii, awape subira waliobaki, na awafikishe salama mabibi harusi wetu wote, wa Pemba na wa Unguja, wa Tumbatu na wa Kojani. Aamin.

Wabillahi tawfiq.